Mzee Cornelius Odwori Wandera wa Masinya, Aliyeshika Nafasi ya Pili

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa Masinya, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliovuka mpaka tangu alfajiri ili mkae nasi siku ya leo, familia inawapa pole kwa msiba huu ulio wetu sote, na kwa ruhusa yenu mtoto wa tatu wa marehemu, Barbara, anasimama mbele yenu kusoma maisha ya baba yake, kama mwenyewe alivyoyasimulia na kama watu wa nyumbani walivyoyaona.

Marehemu Cornelius Odwori Wandera alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1943 hapa hapa Masinya, wakati eneo hili lote likihesabiwa kuwa Bukedi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Yosia Wandera, mkulima wa pamba, na marehemu Rasoa Nabwire, ambaye wazee wachache waliobaki watamkumbuka kwa sauti yake kanisani. Alibatizwa mwaka huohuo, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini hakuchelewa kupanda, kwani kabla hajasimama vizuri alikuwa tayari amekamatwa juu ya baiskeli ya baba yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya kanisa hapa Masinya, akamaliza darasa la sita mwaka 1957, kisha akachaguliwa kwenda shule ya kati Tororo, ambako alisoma mwaka mmoja na miezi michache tu, maana mwezi wa Juni 1959 baba yake alifariki na ikabidi arudi nyumbani kusaidia kulima. Hakulalamika kuhusu jambo hilo, lakini mpaka uzeeni alikuwa akisoma kila karatasi iliyofika mkononi mwake, hata ile ya kufungia sukari, na watoto wake wote aliwasimamia mpaka wakamaliza shule.

Mwezi wa Januari 1960 aliajiriwa Tororo katika gereji ya fundi mmoja Mhindi, Bwana Kantilal, kazi yake ikiwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kufagia, na ndani ya miaka miwili alikuwa anafungua injini ya pikipiki na kuifunga tena bila kubakiza hata nati moja mezani. Mwaka 1963 alipata pikipiki yake mwenyewe, ya silinda moja, nzito kama ndama, iliyoachwa na bwana shamba Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, na wale mnaopanda pikipiki za siku hizi inafaa mjue ile ilikuwa kitu cha namna gani, kwa sababu haikuwa na kitufe cha kuwashia, ilipigwa kiki, na kiki hiyo ikirudi kabla mguu haujatoka iliweza kuvunja kifundo, na marehemu aliwajua watu watatu ambao ilikuwa imewavunja.

Mashindano ya pikipiki yalikuwa yakifanyika Tororo kila mwaka wakati wa Pasaka, na waliokuwa wakishindana ni watu ambao leo tungewaita wendawazimu, maana barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza, kofia ilikuwa ya sufu, miwani ilikuwa ya kuchomelea vyuma, na hakukuwa na gari la kumfuata mtu akianguka. Kila mmoja alibeba plagi mfukoni, vipande vya cheni shingoni, waya na koleo kiunoni, na kilichoharibika alikitengeneza mwenyewe pale pale huku wenzake wakimpita na kumrushia matope. Mwaka 1966 marehemu alipata pancha mbili karibu na Mulanda, akawa hana tena kiraka, basi akang'oa nyasi kando ya barabara, akazishindilia ndani ya tairi mpaka likasimama, na akaenda hivyo maili kumi na nane, akiruka ruka kama mtu aliyepanda mbuzi, akamaliza wa nne. Alipoteremka hakuweza kukaa chini siku tatu, alikula amesimama, na Bwana Kantilal alimwambia mbele ya wateja kwamba sasa ndiyo amekuwa fundi.

Katika miaka hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimzuia usingizi, naye ni Jamil Faruku wa Busia, kijana wa ukoo wa Kiislamu wa wasafirishaji, aliyekuwa na pikipiki ya aina ileile na moyo wa aina ileile, na watu wa Tororo walikuwa wamegawanyika, nusu wakimshangilia Odwori na nusu wakimshangilia Jamil, ingawa wao wawili walikuwa wakisalimiana vizuri na kuazimana spana. Mzee Jamil tunaye hapa leo, amekaa mstari wa mbele, na yanayofuata yanasomwa akisikia, jambo ambalo ndilo marehemu alilolitaka.

Familia inaomba usikivu wenu hapa, kwa sababu yaliyotokea Jumatatu ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1968, wengi wenu mmeyasikia kwa namna nyingine, na kwa miaka mingi hata sisi watoto tulikuwa tukiyasimulia kwa namna hiyo nyingine.

Mashindano ya siku hiyo yalikuwa ya mizunguko mitatu, kutoka Tororo kupitia Mulanda na Iyolwa, kuteremka mpaka upande wa Busia na kurudi, jumla ya maili mia moja na ishirini, na walioanza walikuwa kumi na saba, lakini mzunguko wa tatu ulipoanza walikuwa wamebaki sita, na mbele walikuwa wawili, Jamil wa kwanza, na Odwori nyuma yake akila matope yake. Walipofika kwenye kona ya Iyolwa, ambako barabara ilikuwa imechimbwa na maji, Jamil alishika njia ya katikati kama ilivyokuwa haki yake, na marehemu, ambaye alikuwa ameuma meno tangu Mulanda akitafuta pa kupita, aliona nafasi upande wa ndani, nafasi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, haikutosha hata kuku, akaingia. Gurudumu lake la mbele liliigonga pikipiki ya Jamil kwa nyuma, Jamil akayumba akasimama, na Odwori akarushwa juu ya usukani, akaangukia bega la kushoto, na mfupa wa mtulinga ukavunjika kwa sauti ambayo alisema aliisikia kabla ya kusikia maumivu.

Jamil angeweza kuendelea, kwani hakuna aliyekuwa karibu, mvua ilikuwa imewarudisha watazamaji majumbani, na kikombe kilikuwa chake. Aligeuza pikipiki akarudi, akaiegemeza kwenye ukingo, akamwinamia mwenzake na kumwuliza, "Odwori, wewe nakufa ama hapana?"

Marehemu akamjibu kwamba hapana, lakini mkono umekwisha.

Jamil akasema, "Basi simama. Mimi siwezi shinda mtu nalala kwa matope, watu watanicheka mpaka Jinja." Akavua mshipi wake wa ngozi, akaufunga ule mkono wa kushoto kifuani mwa Odwori kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, akamnyanyulia pikipiki, akaunyosha usukani kwa kuupiga teke, akampigia kiki yeye mwenyewe, kisha akamwambia, "Hesabu mpaka ishirini, halafu kuja. Ukihesabu haraka, Mungu naona."

Klachi iko mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa, kwa hiyo marehemu aliendesha maili ishirini na sita zilizobaki bila klachi, akibadilisha gia kwa kusikiliza mlio wa injini tu, akishika usukani kwa mkono mmoja kwenye tope ambalo watu wazima walishindwa kutembea kwa miguu miwili, na kila shimo, alisema, lilimwingia begani likatokea kwenye meno. Mara mbili alitapika bila kusimama. Alipofika Tororo Jamil alikuwa ameshavuka mstari, mbele yake kwa umbali wa kama nguzo mbili za simu, na marehemu akavuka wa pili, akazima injini, akabaki amekaa juu ya pikipiki kwa sababu hakujua namna ya kushuka, mpaka watu wakambeba wakamshusha.

Huo ndio ugumu wake ambao nyote mmeusikia, na ni kweli, haukuongezwa chumvi. Yaliyofuata ndiyo ambayo hamkuyasikia.

Wasimamizi wa mashindano waliziona alama kwenye pikipiki zote mbili, wakasikia maneno ya watu waliokuwa mbali na kona, wakamwita Jamil na kumshtaki kwamba alimsukuma mwenzake, na Jamil, badala ya kujitetea, aliwaambia, "Ulizeni Odwori. Odwori hasemi uongo." Jioni ile wasimamizi wawili walikwenda hospitalini, wakamkuta amelala amefungwa bandeji, wakamwuliza kama Jamil ndiye aliyemwangusha. Marehemu hakusema ndiyo, na hakusema hapana, alifumba macho akageukia ukutani, na wale wasimamizi wakasubiri, wakaandika walichoandika, wakaondoka. Alisema kwamba mwanzoni alinyamaza kwa maumivu, lakini muda ule waliokuwa wanasubiri ulikuwa mrefu, ulitosha kabisa kusema neno moja, na alijua wanachosubiri, na alikitaka kile kikombe.

Jamil alinyang'anywa ushindi na kufungiwa miaka miwili, kikombe cha fedha kikaletwa hospitalini kikawekwa juu ya kabati la dawa, na kijana yule wa Busia, ambaye wajomba zake walisikia aibu kumwona akizomewa sokoni, aliuza pikipiki yake, akavuka mpaka, akaanza kuendesha malori upande wa Kenya, na hakupanda pikipiki ya mashindano tena maisha yake yote. Marehemu aliendelea kushindana mpaka mwaka 1971, akashinda mara mbili kwa haki, lakini hakuna mtu aliyemwuliza habari za ushindi huo, wote walitaka kusikia habari za Iyolwa.

Katika wadi ile alikuwepo msichana mmoja wa Kiteso aliyekuwa akijifunza kazi ya uuguzi, Loyce Amulen, ambaye ndiye aliyeshika taa wasimamizi walipokuwa wakiuliza, na alimwonea huruma mgonjwa huyu aliyeumizwa na asiyetaka kumsema vibaya aliyemwumiza, maana ndivyo alivyoufahamu ule ukimya. Walifunga ndoa takatifu Tororo, Jumamosi tarehe 20 Desemba 1969, na Mungu akawajalia watoto wanne, Moses aliyezaliwa 1970, Prossy 1973, Barbara 1976, na Emmy 1984, na wajukuu kumi na watatu. Ilikuwa ndoa ya miaka hamsini na mitano, yenye kucheka kwingi, na mama yetu aliwahi kusema kwamba hajui amewafulia wanaume wangapi, kwa sababu yule aliyetoka nyumbani asubuhi na yule aliyerudi jioni na grisi hawakufanana.

Mwaka 1972 Bwana Kantilal alipolazimika kuondoka nchini, alimkabidhi marehemu sanduku lake la spana, akamshika mkono kwa muda mrefu, na kwa sanduku hilo marehemu alifungua gereji yake Busia mwaka 1973, gereji ambayo Moses baadaye aliipa jina la Bingwa. Mwaka 1979, wakati wa vita, askari waliokuwa wanakimbia walipokuwa wakichukua kila chenye magurudumu, aliifungua pikipiki yake vipande vipande kwa siku moja, injini akaificha kwenye ghala la mtama, magurudumu akayazika kwenye shamba la mihogo, tangi likawa la kuwekea maji ya kuku, na askari walipofika wakamkuta mwenye gereji akiwa na baiskeli moja isiyo na mnyororo.

Kati ya mwaka 1983 na 1991, ugonjwa wa malale ulipozisumbua sehemu zetu hizi, aliajiriwa kuwa mwendesha pikipiki wa kikosi cha afya, kazi yake ikiwa kubeba vioo vyembamba vyenye matone ya damu za watu kutoka vijijini mpaka maabara ya Tororo, na kwa kuwa vioo vile vilivunjika vikifungwa nyuma, alivibeba kwenye kisanduku kifuani, chini ya koti, akizisoma barabara mbovu kwa magoti yake. Daktari wa kikosi alihesabu kwamba katika miaka minane vioo vilivyovunjika vilikuwa sita. Wako watu humu ndani ya mkutano huu walio hai kwa sababu damu yao ilifika mapema, na marehemu hakuwajua kwa majina, wala hakutaka kuwajua, alisema kazi yake ilikuwa barabara.

Miaka hiyo yote kikombe kilikaa sebuleni, juu ya redio, na wageni walipokiuliza yeye alitoka nje kuangalia kitu, akatuachia sisi watoto tusimulie jinsi Jamil alivyomsukuma baba. Tulidhani ni unyenyekevu. Majirani walimsifu kwa kutojisifu, na kila sifa, alisema baadaye, ilikuwa kama mtu anayekanyaga bega lile lile.

Mwezi wa Novemba 2010 mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, Habibah, alisukuma pikipiki yake yenye pancha mpaka gereji ya Bingwa, akakaa kwenye benchi kusubiri, akaliona jina la Odwori chini ya lile la Bingwa, akamwuliza mzee aliyekuwa akitoa tairi kama ndiye Odwori wa zamani, na aliposikia ndiye, alisimama akapiga goti kumsalimu. Alisema, "Baba yangu ni Jamil Faruku. Tangu tuko watoto yeye natuambia, mtu mgumu Uganda hii ni mmoja, Odwori, maili ishirini na sita na mkono moja. Mimi nilidhani ni hadithi ya baba tu."

Marehemu alimwuliza kama baba yake aliwasimulia na mambo mengine ya siku ile. Habibah akafikiri, akasema hapana, ni hayo tu, na kwamba baba huwa anacheka akisimulia.

Hakuweza kumaliza ile pancha, ilibidi Moses aimalize. Alirudi nyumbani mchana, akakaa nje kwenye jiwe la kufulia, na mama yetu alipomletea chakula alimwambia yote, kuanzia nafasi isiyotosha kuku mpaka ule ukuta wa hospitali. Mama, ambaye aliishika ile taa, alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani akarudi nayo ndani, na kwa siku mbili hakumsemesha, si kwa hasira tu, bali, kama alivyotuambia, alikuwa akihesabu upya miaka arobaini. Siku ya tatu alisema, "Tafuta koti. Kesho tunakwenda kwa huyo mtu, na mimi nakaa nyuma."

Basi Jumapili tarehe 28 Novemba 2010, akiwa na miaka sitini na saba, marehemu alimpakia mkewe, kikombe kikiwa kimefungwa katika gazeti katikati yao, akavuka mpaka, na aliwahi kusema kwamba katika maisha yake hakuna barabara iliyomchosha kama ile, ingawa ilikuwa ya lami na haikufika maili nane. Mzee Jamil alikuwa uani kwake akimwagilia sukuma wiki. Wawili hao walikuwa hawajaonana kwa miaka arobaini na miwili.

Marehemu hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema akiwa amesimama, "Jamil, walikuja kuniuliza, nikanyamaza. Mimi ndiye nilikugonga." Akanyosha mkono wenye kikombe.

Mzee Jamil hakukipokea. Aliweka chini kopo la maji, akafuta mikono yake taratibu, akasema, "Najua wewe ndiye ulinigonga, si mimi nilikuwa juu ya hiyo pikipiki? Nimengojea uje. Mwaka wa kwanza nilingojea na rungu. Baadaye nikangojea tu." Kisha akaongeza, "Lakini wewe ulinyamaza mbele ya watu, Odwori. Hapa ni mimi na sukuma wiki. Nenda sema mbele ya watu, ndio ulete hicho kikombe." Mkewe, Mama Halimah, alileta chai, wakanywa wote wanne.

Kwa mwenye sifa kama zake sharti hilo halikuwa jepesi, na alilibeba miezi mitano, akikonda, mpaka waendesha boda boda wa Busia walipomwalika kuwa mgeni wa heshima katika sherehe yao ya siku ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2011, ili awaeleze ugumu wa waendeshaji wa zamani. Walikuwa zaidi ya mia tatu, wamevaa vizibao vipya, na Mzee Jamil aliketi nyuma kabisa na binti yake. Marehemu alipewa kipaza sauti, akasimulia kona ya Iyolwa, akasimulia mshipi wa ngozi na maili ishirini na sita, wakashangilia na kupiga honi, naye akangoja honi zinyamaze, kisha akawaambia nani alimgonga nani, na aliulizwa nini hospitalini, na alifanya nini, na mwishoni akasema, "Kuendesha na mfupa umevunjika, hiyo mimi niliweza. Neno moja lilinishinda miaka arobaini na tatu. Basi msinipigie makofi, mpigieni yule." Akaonyesha kwa mkono. Watu waligeuka kutazama, na Mzee Jamil, ambaye hakupenda kutazamwa, aliinuka akaja mbele polepole, akachukua kikombe, akakigeuza chini juu kana kwamba anatafuta tundu, akasema kwenye kipaza sauti, "Sawa. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha kwa kila mtu. Wako waliosema mzee amechanganyikiwa, wako walioacha kumsalimu, na mzaliwa wa kwanza, Moses, ambaye ameturuhusu tuyaseme haya, aliona kwamba amelelewa juu ya uongo, akalishusha lile bango la Bingwa, akahamia Mbale, na kwa mwaka mmoja na nusu hakufika nyumbani wala kupiga simu. Marehemu hakumlaumu. Alimwandikia barua kila mwezi kwa mkono wake, barua fupi, za habari za mvua na za gereji, na Krismasi ya mwaka 2012 Moses alikuja na watoto wake, akamkuta baba yake chini ya pikipiki ya mtu, akavua saa, akalala chini upande wa pili, wakafanya kazi mpaka wakaitwa kula.

Tangu mwaka 2012 mpaka 2019 wazee hawa wawili walikuwa wakikutana kila Jumapili alasiri kwenye uwanja karibu na mpaka, wakiwafundisha waendesha boda boda namna ya kushika breki kwenye matope, namna ya kuanguka bila kung'ang'ania usukani, na namna ya kuwakatalia abiria wanaotaka kupanda wanne, na walibishana kila Jumapili mbele ya wanafunzi wao kuhusu jambo hili au lile, hasa kuhusu ni nani kati yao aliyekuwa akikata kona vizuri. Kikombe kiko kwa Mama Halimah, ambaye amekitia vijiko.

Kuhusu kuugua kwake, marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2015, na tarehe 6 Agosti 2023 alipata kiharusi kilichoulegeza upande wa kulia, akalazwa Tororo wiki tano, akarudi nyumbani akiwa hawezi kutembea. Aliomba pikipiki yake kuukuu isimamishwe katikati ya ua, na kila asubuhi alijifunza hatua zake kwa kuizunguka, mkono ukiwa juu ya tangi, mzunguko mmoja, kisha miwili, mpaka mwezi wa Januari 2024 akafika kanisani kwa miguu yake na fimbo. Mzee Jamil alivuka kuja kumwona kila Alhamisi.

Mwezi wa Januari mwaka huu, akijua nguvu zinapungua, alimwita Barbara akamwambia aanze kuiandika historia hii, na Barbara alipomsomea mara ya kwanza, mahali pa hospitali alikuwa ameandika kwamba kulitokea kutoelewana na wasimamizi. Marehemu alimsimamisha. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini alisema wazi, "Futa hiyo. Andika nilinyamaza. Na ya 1968 andika nilikuwa wa pili." Barbara akafuta, akaandika.

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alipata shida ya kupumua, akapelekwa hospitali ya Tororo, ambako madaktari walijitahidi kwa kila walichokuwa nacho, na saa mbili na robo asubuhi, mama yetu akiwa amemshika mkono, aliaga dunia, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka themanini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo waliomhudumia mwaka 2023 na wiki hii, mchungaji na wakristo wa Masinya waliomletea meza ya Bwana nyumbani, majirani waliopika, waliochota maji na kulala hapa siku nne, mafundi wa gereji, wazee waliofanya naye kazi katika kikosi cha malale, na waendesha boda boda wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, waliousindikiza mwili wake kutoka Tororo wakienda taratibu, bila honi, kama tulivyowaomba. Inamshukuru Bi Habibah. Inamshukuru Mzee Jamil Faruku, ambaye tulimwuliza kama angependa kusema neno leo, akajibu kwamba alikwisha kusema na Odwori mambo yao yote, na kwamba ombi lake ni moja tu, asaidiwe kufika kaburini apate kutupa udongo kwa mkono wake. Moses atamshika mkono.

Mzee Cornelius Odwori Wandera, mume, baba, babu, fundi, ulale kwa utulivu, Bwana akupokee.